Tope Chini ya Pikapu

Wewe uliyesimama kwenye uzio siku pikapu ya yule mwashi ilipokatika vipande viwili kwenye kona, uligeuza uso. Nilikuona. Ulisema ajali haina kinga, ukaendelea kumenya chungwa lako. Mwashi alipoteza mguu. Miaka tisa imepita na mimi sijasahau rangi ya lile gari wala sura ya dalali aliyemuuzia.

Ndiyo maana mdogo wangu aliponiambia wamepata pikapu kuukuu ya bei ya chee kwa dalali huyohuyo, niliacha mashine yangu ya kuchomelea nikamfuata. Timu yao ni watu watatu: yeye tarishi, mwenzake kinyozi na mwingine mwalimu wa hesabu. Wanataka kuingia mbio za magari za ridhaa, saa nane mfululizo kwenye njia ya vumbi, wakipokezana usukani. Mdogo wangu ndiye anayeanza. Walikuja na ovaroli mpya nyeupe, wapige picha na gari lao.

Uwanja wa dalali ulikuwa mkavu kama kisigino. Pikapu ilikuwa na vumbi kwenye boneti, vumbi kwenye vioo, hata kwenye taa. Chini yake tu ndiko kulikuwa na tope zito, kuanzia tairi za mbele hadi za nyuma.

"Mvua imenyesha hapo peke yake?" nikamuuliza dalali.

"Bomba lilipasuka, mkubwa."

Nikalitafuta hilo bomba, sikuliona. Niliona ndoo mbili nyuma ya kibanda, bado zinachuruzika.

Wakawasha injini. Kinyozi akatega sikio, mwalimu akakanyaga mafuta, wote wakaridhika. Hakuna aliyepiga goti. Nani alale kwenye tope na ovaroli nyeupe? Na habari za ovaroli hizo walikuwa wamezitangaza mtaa mzima wiki nzima.

Mimi nikalala. Nikapitisha sumaku kwenye chasisi. Ikashika, ikashika, nyuma kidogo ya kabini ikaniangukia kifuani. Nikakwangua rangi nyeusi kwa kucha. Ilikuwa fila, ile ya kuzibia mabonde ya bodi. Kiganja kizima cha chuma hakipo.

"Kaka," mdogo wangu akasema nilipowaeleza, "wewe hata chai unaichungulia kama kuna mtu kajificha ndani."

Wenzake wakacheka.

"Chuma cha zamani hicho, mkubwa," dalali akadakia. "Siku hizi hakitengenezwi."

"Hata hicho hakijatengenezwa. Kimepakwa."

"Si kuna mkaguzi wa mbio?" mdogo wangu akauliza. "Akipitisha je?"

"Mkaguzi anagonga kizimba cha chuma cha kukinga kichwa chako gari likipinduka, anasaini. Kizimba hicho kitachomelewa kwenye nini? Kwenye fila?"

"Basi usichomelee wewe. Mafundi wamejaa."

Wakalipa. Wakati wa picha mdogo wangu aliutazama mgongo wangu uliojaa tope, akasita. Nilidhani amenielewa. Kinyozi akamvuta bega: "Tabasamu, dereva." Akatabasamu.

Leo Alhamisi. Mbio ni Jumamosi. Fundi mwingine ameshachomelea kizimba. Kwa mkaguzi nimekwenda mara tatu, na mara zote mlinzi ananiona kwa mbali anaanza kufunga geti. Nimelalamikia taa za barabarani, maji, mitaro, bei ya nauli, nakiri, wamenichoka. Mdogo wangu naye hapokei simu yangu.

Lakini wewe hujawahi kulalamika hata siku moja. Neno lako bado jipya, hakuna aliyelizoea. Nenda kwa mkaguzi, mwambie alale chini ya pikapu ya bluu ya wale watatu wa ovaroli nyeupe na akwangue nyuma ya kabini. Akikwambia kesho, kaa hapohapo kwenye benchi lake. Usiniambie hayakuhusu; hata ya mwashi hayakukuhusu.

Ofisi inafungwa saa kumi. Vaa viatu.