Udongo Uliohamia kwa Jirani

Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri, Mama Matandazo alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la tatu akikata waridi kwa mkasi wa cherehani. Mkasi wa maua ulikuwa umeazimwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ili akatie kucha za miguu. Kila ua alilolikata alilitia kwenye ndoo ya maji, akasogea hatua moja, akakata jingine. Alipofika ua la kumi na mbili, udongo wa jirani ulipita chini ya seng'enge ukaingia shambani.

Haukuwa mwingi. Ungejaza karai moja. Ulikuwa wa kijivu, kama uso wa mtu aliyelala njaa, na ulitembea kwa kujivuta, ukisimama kila baada ya hatua chache ili upumue. Ulipofika kando ya tuta ulitulia. Mama Matandazo aliutazama, akamalizia ua lililokuwa mkononi, kisha akainuka akachukua nyasi kavu mikono miwili akaufunika.

Kama kulikuwa na kosa, lilikuwa hilo. Udongo ukifunikwa hujua umefika kwao. Lakini mama huyu alilelewa kwa sheria moja tu ya kilimo, kwamba udongo haulali uchi, na jina lake la utani lilitokana na hilo. Alifunika matuta ya waridi, alifunika mashina ya pesheni, na kaburi la mumewe alilitandazia nyasi mpaka likaota minanaa, ambayo wanawake wa mtaa huja kuichuma kwa heshima zote.

Wifi yake alitoka jikoni, kucha moja bado ndefu.

"Wifi, naona tuna wageni."

"Wametoka kwa Bwana Pampu."

"Wamekuja na chakula chao?"

"Wamekuja na kikohozi."

Wifi aliinama akasikiliza. Kweli, chini ya nyasi udongo ulikuwa unakohoa kikohozi kikavu, cha dawa.

"Na mkaguzi anakuja mwezi ujao," alisema. "Miaka mitatu hujanusa dawa ya duka, vidukari unavipigia kitunguu saumu na pilipili kama unapika, yote kwa ajili ya cheti. Leo unafungua wodi?"

"Nitaufukuza uende wapi?"

"Ulikotoka!"

"Wewe ungerudi?"

Wifi alitazama upande wa pili wa seng'enge, akarudi jikoni kumalizia kucha.

Suala la cheti halikuwa la mchezo. Kampuni inayonunua maua na matunda ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia msimu mpya, lori lake litasimama tu kwenye mashamba yenye cheti cha kilimo endelevu. Shamba lisilo na cheti lingekula waridi zake lenyewe. Mama Matandazo hakuwa na kazi nyingine, na hata wifi, ambaye kazi yake ilikuwa kusema, alikuwa akila kutokana na waridi hizo.

Bwana Pampu naye alilima waridi na pesheni, ila kwa imani tofauti. Alikuwa na dawa ya majani, dawa ya wadudu, dawa ya kuamsha mmea, dawa ya kuulaza, na dawa ya kuondoa harufu ya dawa. Pampu ya kupulizia haikumtoka mgongoni. Alimwoza binti yake akiwa nayo, na kwenye picha ya harusi anaonekana kama mtu aliyembeba mkwe. Udongo wake hakuuachia hata jani la kujistiri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mama Matandazo hakuwa mtu wa kubishana na wahenga. Siku ya tatu aliupa ule udongo jembe. Aliuchanganyia mboji, samadi ya mbuzi iliyokwisha kupoa na maganda ya jikoni, akapanda maharage katikati yake ili uwe na kitu cha kushika. Kufikia wiki iliyofuata kikohozi kilikuwa kimekatika, rangi imerudi, na nyungunyungu wamehamia. Wifi alisema udongo umenenepa kuliko yeye, na kwamba katika nyumba hii ukitaka kutunzwa ni heri uwe uchafu.

Kisha habari zikafika upande wa pili. Zilifikaje, hakuna aliyeuliza. Udongo una njia zake. Kila siku saa kumi alasiri, saa ambayo Bwana Pampu hunywa chai, udongo wake ulipanga mstari kwenye seng'enge na kuvuka. Ulivuka karai kwa karai, halafu toroli kwa toroli, na Alhamisi moja likavuka tuta zima na vigingi vyake. Mama Matandazo na wifi walifunika mpaka nyasi zikaisha, wakafunika kwa majani ya migomba, wakamalizia na shuka la wifi, ambalo wifi hulitaja mpaka leo.

Shamba lilianza kupanda juu. Udongo ulikuwa na adabu: uliingia chini ya waridi, chini ya nguzo za pesheni, chini ya nyumba yenyewe, ukainua vyote bila kuvunja kikombe. Mwisho wa mwezi, mtu aliyesimama mlangoni kwa Mama Matandazo aliona paa la shule kwa juu. Bwana Pampu alibaki na mwamba, mpana na mweupe, safi kama sahani iliyolambwa.

Alikuja Jumamosi, pampu mgongoni, akihema kwa kupanda.

"Jirani, udongo wangu uko kwako."

"Upo. Karibu uuone."

"Sikuja kuuona. Nimekuja kuuchukua."

"Chukua, jirani. Toroli lile pale, gurudumu lina upepo."

Alijaza toroli mara sita, akateremka mara sita, na Mama Matandazo akamsaidia kusukuma kwa sababu ujirani ni ujirani. Walipokaa kunywa maji, udongo ulipita mbele yao ukirudi juu, bila haraka, na ulipomfikia Bwana Pampu ulizunguka miguu yake ili usimchafue viatu.

"Umeuroga," alisema Bwana Pampu.

"Ameufunika tu," wifi alisema. "Na shuka langu."

"Mimi niliunyima nini? Kila wiki nilikuwa naunywesha!"

"Ulichokuwa unaunywesha, jirani, hata wewe mwenyewe unakishika kwa glavu."

Bwana Pampu akamalizia maji.

Mkaguzi alifika siku iliyopangwa, na fomu zake kwenye ubao wenye kibanio. Alikuwa mtu mwema, mwenye kalamu tatu. Alipanda kilima, akahesabu nyuki kwa dakika tano, akafunua nyasi, akaweka udongo kwenye kichupa cha kupimia akaukoroga. Alisubiri. Akaitikia kwa kichwa, amefurahi.

"Mama, hakuna hata chembe ya dawa. Huu udongo ni safi kuliko maji tunayokunywa ofisini."

Mama Matandazo alishika mkono wa wifi yake. Hakuwa ameushika tangu msiba.

"Sasa swali la kumi na nne," mkaguzi alisema. "Udongo ni wa hapa hapa?"

"Sehemu ni wa hapa. Uliobaki ulikuja wenyewe."

"Ulikuja kutoka wapi?"

"Kwa jirani."

Mkaguzi aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayeweka chini yai. Alieleza kwamba kanuni hairuhusu udongo wa kuletwa. Mama Matandazo alisema haukuletwa, ulihama. Mkaguzi alipekua fomu mbele na nyuma. Kulikuwa na nafasi ya udongo ulionunuliwa, uliopewa na uliochimbwa; ya uliohama haikuwepo. Aliuliza kama udongo una maandishi yoyote ya kuthibitisha hiari yake. Haukuwa nayo.

"Pole sana, mama. Shamba ni zuri. Mimi binafsi ningeishi hapa."

"Na huko chini?" wifi aliuliza. "Kule kwenye mwamba utaandika nini?"

Mkaguzi aliteremka kuandika. Dawa kwenye udongo: hakuna. Wadudu waharibifu: hakuna. Magugu: hakuna. Maji yanayopotea: hakuna. Mmomonyoko: hakuna, na hautarajiwi. Maswali yote arobaini yalipata alama ya vyema. Hapakuwa na swali lililouliza kama kuna shamba.

Bwana Pampu alipewa cheti chenye fremu, na kwa sababu hapakuwa na mahali pa kupigilia kigingi, alikiegemeza kwenye jiwe. Watu walianza kuja na daftari kujifunza kwake. Walikaa kwenye mwamba, wakamuuliza siri ni nini. Aliwaambia siri ni kuupa udongo uhuru. Waliandika.

Msimu mpya ulipoanza, waridi za Mama Matandazo zilichanua zote kwa pamoja, kubwa kama bakuli, na pesheni zikainamisha waya. Ua halijui kesi. Likikatwa leo, kesho kutwa ni takataka. Bwana Pampu alipanda kilima mwenyewe.

"Jirani, pitishia kwangu. Nina cheti, wewe una maua. Tena udongo si wangu? Basi na maua ni yangu kidogo."

"Kidogo ipi?" wifi alidakia. "Miiba?"

Lakini Mama Matandazo alikuwa tayari ameshapanga kreti za kwanza mlangoni. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi, yeye na wifi waliteremsha mazao hadi kwenye mwamba, na Bwana Pampu akagonga muhuri wake kwenye kila kreti, kwa makini, bila kuruka hata moja. Pampu ilikuwa bado mgongoni. Haikuwa na dawa, kwa kuwa hapakuwa na cha kupulizia, lakini alisema bila hiyo anaanguka mbele.

Dereva wa lori alizoea njia. Asubuhi moja aliinua waridi moja kutoka kwenye kreti, akainusa, akafumba macho.

"Huyu bwana ana mkono wa kulima," alisema.

"Anao," Mama Matandazo alisema, akamkabidhi kreti iliyofuata. "Shika kwa chini, hiyo ni nzito."