Nje ya Ukingo wa Albamu

"Mimi nilikuwa hapa," baba alisema, na kidole chake kikatoka kwenye ukurasa wa albamu, kikavuka ukingo, kikatua juu ya kitambaa cha meza karibu na kikombe cha chai. "Wao wanakata keki, mimi nimesimama hapa. Umeniona?"

Jirani yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa habari ikimfikia asubuhi, mchana kila mtu anayo, aliinama akakitazama kitambaa cha meza kwa heshima zote.

"Nimekuona, mzee. Lakini mbona hukupigwa hata moja? Harusi ya binti yako wa pekee, jamani!"

"Mimi mwenyewe sipendi picha." Maneno yalimtoka polepole, kwa upande mmoja wa mdomo, ule ambao kiharusi kiliuacha. "Anajisikia vibaya mtu ukimmulikamulika. Nilimwambia mpiga picha anipige kwa mbali."

Kidosho, binti mwenyewe, aliyekuja kuwatembelea wazazi wake, alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Baba hakuwahi kumwambia mpiga picha neno kama hilo. Aliyelisema ni yeye, Kidosho, tena hapohapo sebuleni, na alilisema kwa sauti ya chini kwa sababu alijua kabisa kwamba ni uongo. Mumewe hakulijua, wala mama. Basi baba alilitoa wapi, mpaka leo analirudia kwa wageni kana kwamba ni lake?

Alilitua sinia mezani. Chai ilimwagika, akaifuta kwa kiganja, akasingizia sinia kuwa zito.

Mpiga picha huyo alikuja nyumbani wiki kadhaa kabla ya harusi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye pumzi za kusikika, na watu walimwita Bwana Subiri kwa kuwa hakuna alichokifanya kazini bila kusema "subiri kidogo". Hakuwa akikubali kazi mpaka aione nyumba. Alizunguka sebuleni akifungua na kufunga mapazia, akakisogeza kiti cha baba hadi dirishani, akarudi nyuma na kufumba jicho moja.

"Hapa ndipo utakapokaa ukishapambwa," alisema. "Mwanga wa hapa una huruma. Sasa tuambizane ukweli, tusije tukanuniana baadaye. Picha hazitoki kesho yake, zinataka wiki kadhaa. Na usitegemee nikupe kila nilichopiga. Za kupimia mwanga, za waliofumba macho, za mjomba anayetafuna, hizo hazitoki. Halafu mimi si mchawi, asiyesimama mbele yangu hatakuwemo. Kwa hiyo niambie, nani nisimkose hata iweje?"

Kidosho akataja. Bibi yake, mashoga zake, wakwe, mkuu wake wa kazi na mkewe. Mama alikuwa jikoni. Baba alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na saa zile huwa amelala.

"Na baba je?" Bwana Subiri aliuliza.

Hapo ndipo alipoishusha sauti. "Baba alipata kiharusi. Mdomo umekwenda upande. Yeye mwenyewe hapendi picha, anajisikia vibaya. Mpige kwa mbali tu, na akikosekana si neno."

"Kasema yeye?"

"Yeye mwenyewe."

Bwana Subiri alimtazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Mteja ni mteja.

Wala usidhani Kidosho hakumpenda baba yake. Baba alipolazwa, ni yeye aliyemlisha kwa kijiko, akimfuta kidevu bila kinyaa, akiwagombeza wauguzi wakichelewa. Lakini hospitali haina albamu. Alikuwa ameshaona albamu za mashoga zake, na baba zao wamesimama wima ndani ya suti, mdomo umenyooka, na akawawazia wakwe zake wakifunua kurasa na kuulizana kwa macho. Aibu ikamshika kabla jambo la kuaibisha halijatokea. Alichotaka ni siku moja tu isiyo na doa, na doa akaliweka kwenye uso wa baba.

Siku yenyewe ikafika, na Bwana Subiri alitimiza alichoagizwa bila kumuudhi mtu. "Mzee, nipishe kidogo hapo." "Mzee, subiri kidogo upande huu." Baba alikuwa akisogea kila anapoambiwa, na fimbo yake, na ua jeupe kifuani. Kidosho alisikia kila mara. Kila mara aliigeukia kamera akatabasamu.

Redio alipoaga, Kidosho alimfuata mama jikoni. Hakujua aanzie wapi, akaanza na picha.

"Baba huwa anawaonesha watu albamu hivi kila siku?"

"Kila anayekanyaga humu ndani. Hata mchukua taka alikaribishwa," mama alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Ila mimi mwenzio limenishangaza hili la kusema hapendi picha. Unakijua kile kioo cha baba yako?"

Nani asiyekijua? Baba alikuwa kinyozi maisha yake yote, na alipofunga duka alirudi nyumbani na kioo kikubwa, akasema vingine watauza lakini si hicho.

"Ulipoposwa tu, akawa habanduki pale," mama aliendelea. "Analisukuma shavu kwa vidole viwili, analishikilia, analiachia. Nikamuuliza, wewe mzee, unachezea nini? Akasema anaufundisha mdomo kucheka, watu wasije wakadhani kanuna kwenye harusi ya mwanawe. Mdomo ukawa unakaribia kabisa kunyooka! Halafu siku ile mpiga picha alipokuja kuiangalia nyumba, akaacha. Hakukigusa tena kioo. Nikadhani kachoka."

Kidosho alilitazama lile pazia la chumbani kupitia mlango wa jikoni. Lilikuwa kitambaa chepesi, cha maua, cha kuonesha mpaka kivuli cha mtu. Alitamani iwe kwamba baba alikuwa amelala siku ile, na akajua hakuwa amelala.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Bwana Subiri. Walikuwepo wateja wawili wanaongojea picha ndogo za pasipoti, lakini hakuweza kungoja waondoke.

"Nataka picha ya baba yangu," alisema. "Hata moja."

"Ulisema hapendi."

"Nilidanganya. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki."

Wale wateja wawili walianza kuuchunguza ukuta kwa makini sana. Bwana Subiri alishusha pumzi, akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta yake.

"Nilihisi," alisema. "Mtu asiyependa picha namjua, akiniona hukimbilia chooni. Mzee wako kila nikiinua kamera alijikuta amesimama wima, kisha akikumbuka, anasogea." Alikuwa akitafuta huku akizungumza. "Za kupimia mwanga huwa nazifuta zote. Hii nilishindwa."

Alikigeuza kioo cha kompyuta.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, kiti kilekile ambacho Kidosho alikuja kukalia baadaye na gauni lake. Koti limebana mabegani, ua jeupe kifuani. Mdomo ulikuwa umekwenda wote upande mmoja, meno yapo nje, macho yamekaribia kufumba. Alikuwa anacheka kweli, kicheko cha kutoka tumboni.

"Ulikuwa bado unapambwa," Bwana Subiri alisema. "Nilitaka mtu wa kukaa pale nipime mwanga, akajitolea. Akaniuliza, hii itatoka? Nikamwambia hapana mzee, hii ya kupimia tu, haitoki. Akasema, basi ngoja nicheke, isiyotoka haimwaibishi mtu."

Kidosho alilia palepale, kwa sauti, kamasi na machozi pamoja. Mmoja wa wateja akauliza kama picha yake bado. "Subiri kidogo," mpiga picha alimjibu, na safari hii alilisema kwa ukali.

Aliporudi nyumbani kwao na ile picha ndani ya bahasha, alimkuta baba mezani, albamu mbele yake, na Redio ameketi tena, amemleta dada yake aliyekuja kumtembelea. Kidosho hakusalimia vizuri. Alifunua albamu mahali palipokuwa na picha yake mwenyewe dirishani, akaichomeka ya baba kando yake. Kiti kimoja, pazia moja, mwanga ule wenye huruma.

Baba aliitazama muda mrefu. Mkono wake ulio mzima ulipanda ukaufunika mdomo.

"Hii si ilikuwa haitoki?"

"Imetoka, baba."

"Ala!" Redio aliruka. "Si ulisema hupendi picha, mzee? Mbona hapo umekenua hivyo?"

Baba alifungua mdomo amjibu, na Kidosho aliona kabisa kwamba anakwenda kuurudia uongo ule, kuubeba tena kama alivyoubeba kwa majirani, kwa mchukua taka, kwa wote.

"Baba anapenda picha," alisema kabla yake. "Mimi ndiye niliyemwambia mpiga picha asimpige. Kwa ajili ya mdomo."

Redio akaanza kutafuta viatu vyake. Dada yake aliinuka, akasema wamechelewa, ingawa chai yao ilikuwa haijaguswa. Walipotoka, Kidosho alifunga mlango.

"Nisamehe, baba."

"Ungeniambia tu, mama," baba alisema. Alikuwa akimwita hivyo tangu Kidosho akiwa mtoto. "Ningesogea mwenyewe. Usingekuwa na haja ya kumsumbua yule bwana."

Afadhali angemgombeza. Kidosho alivuta kiti, akakaa kando yake, bega kwa bega, upande ule uliolegea. Baba aliitazama picha yake tena, akaupangusa ukurasa kwa kiganja ingawa haukuwa na vumbi. Kisha akafunua ukurasa unaofuata.

Ilikuwa picha ya nje ya ukumbi. Kidosho katikati, shela limepeperushwa na upepo, mashoga zake wamemzunguka, na yeye amecheka mpaka kichwa kimeanguka nyuma.

"Hapa nimesahau," baba alisema. "Watu walikuwa wengi. Hapa mimi nilikuwa wapi, unakumbuka?"

Kidosho aliinamia picha. Alitafuta kwenye viatu, kwenye vivuli, kwenye macho ya mashoga zake kama kuna aliyekuwa akitazama pembeni. Alijaribu kuikumbuka siku ile kutoka ndani ya lile gauni, alipokuwa akicheka hivyo, na hakukumbuka kama aliwahi kugeuza shingo hata mara moja.

Kidole cha baba kilikuwa kimeshanyanyuka juu ya kitambaa cha meza, kinangoja kioneshwe mahali pa kutua.