Chota Bila Kuangalia

Shangazi yangu ndiye aliyeniingiza kwenye maabara ya maji, na ndiye aliyenifundisha kanuni ya kwanza ya pale: chota bila kuangalia. Unakoroga ndoo ya wadudu waliovuliwa mtoni, unageuza uso, unachota kikombe. Ukiangalia, mkono utamfuata mdudu mkubwa. Kisha unakaa kwenye darubini na kuhesabu mmoja mmoja, aina kwa aina.

Alikuwa amekalia kiti hicho miaka ishirini na tatu. Kisha mwezi mmoja mkuu wa maabara akataka kumtoa. Ndoo moja ilikuwa imegawanywa kati yake na mwenzake tunayemwita Mashine, kwa sababu hainui kichwa hata chai ikija. Mashine alihesabu wadudu 2,480 akapata aina 31. Shangazi alihesabu 612, akapata 23. Mkuu akasema aina nane zimempita mama huyu mbele ya macho yake, na kwamba Ijumaa atampeleka stoo akatunze chupa.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa nafungua kompyuta. Aliyehesabu wadudu mara nne ya mwenzake lazima akutane na aina nyingi zaidi. Hilo hata anayechambua mchele analijua. Nikaandika programu fupi. Kwanza iliwatandaza wadudu wote wa Mashine, mmoja mmoja, maana jedwali huwafungia hata mia mbili wa aina moja kwenye mstari mmoja, na ukichota mistari badala ya wadudu unajidanganya. Mwaka uliotangulia nilijidanganya hivyo hivyo, na Shangazi ndiye aliyenikamata. Kisha programu ikachota 612 kwa bahati nasibu, bila kumrudisha aliyekwisha kuchotwa, ikahesabu aina. Ikarudia mara elfu moja.

Kabla chai yangu haijapoa, jibu lilikuwa tayari. Mashine huyo huyo, akipunguzwa hadi wadudu 612, alipata aina kati ya 20 na 27, mara nyingi 23 au 24. Shangazi alikuwa pale pale katikati. Nilicheka peke yangu, nikaanza kumwandikia mkuu barua, tena barua yenye ulimi mkali.

Ningeituma. Lakini Shangazi alinizoesha pia kuuliza ni nani, si wangapi tu. Nikaiagiza programu inionyeshe aina ambazo hazikukosekana hata mara moja katika zile mara elfu. Zilikuwa tisa. Nane Shangazi alikuwa nazo. Ya tisa ni ya mdudu mdogo kuliko wote, tunamwita Vumbi. Mashine alihesabu Vumbi 214. Programu ilipochota, hawakupungua thelathini na wanne hata mara moja. Kwa Shangazi walikuwa sifuri.

Nikajiambia Mashine amekosea. Nilitamani sana awe amekosea. Nikaenda kwenye rafu, nikateremsha chupa ya Shangazi yenye wadudu aliokwisha kuwahesabu, nikachota kijiko kimoja. Chini ya darubini Vumbi walikuwa watano, wamelala kati ya chembe za mchanga, miguu yote sita wazi kabisa.

Shangazi alinikuta hapo hapo. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo haikumdanganya, nikampisha kiti. Alitazama kwa muda mrefu, akizungusha lenzi huku na huku.

"Naona mchanga," alisema.

"Si mchanga, Shangazi. Ni Vumbi. Wako watano."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, akaivaa tena, lakini hakuinama tena kutazama. Aliniuliza kama mkuu anajua. Nikamjibu kwamba nina barua ya kumtetea, kila neno lake kweli, na kwamba habari za Vumbi hakuna aliyeziuliza.

"Huko ni kuchagua," alisema. "Mficha maradhi kifo humfichua. Andika yote mawili, nitaipeleka mwenyewe."

Yeye ndiye aliyeniagiza pia nipekue majedwali ya nyuma. Vumbi walikuwa wameanza kumpungukia mwaka juzi, na tangu mwezi wa tatu hakuandika hata mmoja. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Mkuu alisoma ukurasa wa kwanza akamwomba Shangazi radhi, akasoma wa pili mara mbili. Kiti cha darubini nikapewa mimi. Stoo Shangazi aliikataa. Alivuta kiti kingine karibu yangu na kupanga mezani chupa arobaini za kurudiwa, zote za kwake. Kalamu anashika yeye. Kila nikifungua chupa, ananiuliza kabla sijarekebisha lenzi.

"Vumbi wapo?"

"Wapo, Shangazi."

"Wangapi?"

Namwambia, naye anaandika kwa tarakimu kubwa kubwa, ili aweze kuzisoma.