Mchina wa Juu ya Paa

Mcheza kwao hufukuzwa. Hivyo ndivyo Henrike Zobel, binti mchongaji, alivyoanza kuamini alasiri ile, turubai lilipovutwa kutoka kwenye kibanda cha Kichina cha Baroni von Traskow, na wageni, vikombe vya kahawa mkononi, wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine.

Kibanda chenyewe kilikuwa kizuri, hilo hakuna aliyelibishia. Kilisimama ng'ambo ya bwawa la mabata, paa lake limepinda pembeni kama ukingo wa kofia, nguzo zake zimechongwa mfano wa mitende. Kukizunguka walikaa Wachina wa mawe waliopakwa dhahabu, na juu kabisa ya paa alikaa mmoja peke yake chini ya mwavuli, kikombe mkononi.

Shida ilikuwa nyuso. Henrike hakuwahi kumwona Mchina, wala baba yake, wala yeyote kutoka pale mpaka Berlin. Baroni alimpa kikombe cha kauri aige, na mtu aliyechorwa humo uso wake haukuzidi punje ya dengu. Sasa mtu atachonga pua gani kutoka kwenye dengu? Henrike akaazima za majirani.

"Jamani, yule mpiga zumari si Gotthilf mhunzi?" Lisbeth mpishi akapiga ukelele. "Tazameni masharubu! Gotthilf, ulikwenda lini Uchina bila kutuaga?"

"Na wewe je, uliyekumbatia nanasi?" mhunzi akamjibu. "Hata huko umefuata chakula!"

Kicheko kilikatika macho yalipofika juu ya paa. Pua ile ya mwewe, kidole kile kidogo kilichonyanyuka: Bibi Adelgunde, mama mzazi wa Baroni, aking'aa kuliko msalaba wa kanisa.

Baroni aliiva uso kama bitiruti. "Binti, utamwomba radhi mama yangu hapa hapa, mbele ya watu. Usipoomba, ukumbi wangu wa muziki atapamba mwingine."

Ukumbi ule! Henrike alikuwa akiuota tangu viungo vya baba yake vilipokakamaa na patasi ikawa yake. Dari nzima, kuta zote, na hakuna kikombe cha kuiga.

"Omba, mwanangu," mzee Zobel akamnong'oneza. "Neno halivunji mfupa."

"Nikiomba, baba, kesho nitaambiwa niichonge upya ile pua. Na sijawahi kuchonga kitu kizuri kama ile pua."

Bibi Adelgunde alisogea taratibu kwa fimbo yake, akainua miwani ya mpini, akatazama juu.

"Umenipa kidevu kimoja," akasema.

"Ndiyo, Bibi Mkubwa."

"Mimi ninavyo viwili."

"Cha pili kingekula dhahabu yote niliyowapaka mhunzi na mpishi pamoja."

Mgeni mmoja alipaliwa na keki. Kikongwe akacheka mpaka miwani ikamtoka mkononi.

"We Joachim," akamgeukia Baroni, "tangu baba yako afe umenikalisha mwisho wa meza, kwenye baridi ya mlango. Huyu kanikalisha juu ya paa, tena na mwavuli kanipa. Ukumbi ni wake."

Baroni akainama kumwokotea miwani.

"Ila," bibi akaendelea, fimbo ikimwelekea Henrike, "kuna jambo moja utaniomba radhi. Umenishikisha chai! Nani asiyejua kwamba siyanywi yale maji ya kuoshea masufuria? Mimi ni mtu wa kahawa, tena nyeusi."

"Kikombe kiko juu kuliko miti, Bibi Mkubwa. Nani atachungulia kilichomo?"

"Kunguru."

"Basi kunguru watashuhudia kwamba ni kahawa."

"Usinizungushe, binti. Omba radhi."

Baba yake akamkanyaga mguu. Henrike akapangusa vumbi la dhahabu kwenye kidole gumba, akaitazama kazi yake kule juu, pua kwa pua.

"Siombi."