Ugonjwa Usio na Mwenyewe

Nusu ya umri wake Daktari Rashmila Shilpakar alikuwa ameimaliza akizichungulia seli T, zile chembe za damu ambazo kazi yake ni kumtambua adui aliyeingia mwilini na kumkumbuka siku akirudi. Aliosoma nao walikwenda kutibu mioyo na macho, wakajenga nyumba za ghorofa Kathmandu. Yeye alibaki na ukoma, ugonjwa ambao wengi walidhani umeshakwisha kwa sababu tu hakuna aliyeutaja. Kilichomkosesha raha ni swali moja: kwa nini kijidudu kile kile kikiingia nyumba moja, huyu anakufa ganzi vidole na mwenzake wanayelala naye kitanda kimoja hapati hata doa?

Mwaka huo maabara yao, pembezoni mwa Lalitpur, ilipata kipimo kipya. Walichanganya damu ya mtu na vipande vya protini visivyopatikana kwa kijidudu kingine chochote ila cha ukoma, kisha wakasubiri. Kama seli T zimewahi kukutana na kijidudu hicho, zinachachamaa. Kama hazijawahi, zinakaa kimya. Ili kulinganisha, walihitaji pia damu ya watu wazima wasioumwa, wasio na mgonjwa nyumbani kwao. Rashmila akakunja mkono wa blauzi akatoa ya kwake, kama alivyozoea kila walipojaribu kitu kipya.

Majibu yalipotoka, mwenzake Kiran Lamichhane aliyatazama akacheka.

"Dada, umechanganya chupa."

"Sijachanganya."

"Basi nimechanganya mimi. Maana hii yenye jina lako inawaka kama ya mtu aliyelala chumba kimoja na mgonjwa."

Wakarudia kwa damu mpya. Ikawaka vile vile. Wakaipima kwa mashine ya jirani zao wa ghorofa ya chini. Ikawaka.

"Labda umeupata humu humu kazini," Kiran alisema, safari hii hacheki.

"Vijidudu vyetu vimekufa, Kiran. Na wagonjwa tunaowapima wameshaanza dawa."

"Wote?"

Rashmila hakuweza kuapa kwamba ni wote.

Alipofika nyumbani alijifungia bafuni, akafumba macho na kujipitishia kipande cha pamba mikononi, miguuni, masikioni. Kila mahali alihisi. Alikuwa mzima. Tena damu ya namna ile ni ya mtu ambaye mwili wake umepigana ukashinda, na hapo ndipo akili yake ilipogoma. Ameshinda vita gani, na wapi, na yeye hana habari?

Jumamosi akaenda Bhaktapur kwa mama yake. Hera Maya, mjane, alikuwa juu ya paa akigeuza pilipili zilizoanikwa.

"Mama, nyumbani kwetu kuna mtu aliwahi kuugua ukoma?"

"Hapana."

"Mbona hata hukufikiri?"

"Umeuliza, nimejibu. Sogea, unanizibia jua."

"Damu yangu inasema niliwahi kukaa karibu na mgonjwa."

"Siku hizi damu yako ina mdomo? Nilikusomesha ukatibu watu, sikukusomesha uchunguze ukoo."

Rashmila hakubishana. Alikaa akamsaidia kugeuza pilipili mpaka macho yakamwasha. Waliposhuka kunywa chai, mama alisema huku akiitazama birika, "Shangazi yako Ganga hakufia Banaras."

Tangu utoto Rashmila aliambiwa kwamba dada mkubwa wa baba yake alikwenda kuhiji Banaras, mji mtakatifu wa Wahindu, akafia huko.

"Babu yako alimtoa kwa mlango wa nyuma akampeleka hospitali ya wakoma," mama aliendelea. "Majirani tukawaambia amekwenda Banaras. Baadaye tukawaambia amekufa. Mimi nilikuwa hoi baada ya kukuzaa, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka ukaanza kutambaa. Ndipo wakamwondoa. Haya, umefurahi?"

"Yuko hai?"

"Nitajuaje? Sisi tulishamlilia."

Rashmila aliondoka na huzuni iliyochanganyika na faraja. Jibu lilikaa sawasawa: mtoto mchanga, mgongo wa shangazi, pumzi zao pamoja. Simu moja tu ilitosha kujua kwamba Ganga Maya yu hai. Alikuwa akiishi katika makazi ya waliopona, kando ya hospitali ile ile ambayo Rashmila mwenyewe alikwenda kutoa watu damu miaka nenda miaka rudi.

Alimkuta bibi kizee ameketi kizingitini, anachambua mboga za haradali kwa vidole vilivyobaki vifupi. Ganga aliacha kuchambua, akamkazia macho.

"Wewe si yule daktari wa sindano? Umeshanichoma wewe."

"Nilikuchoma?"

"Mkono huu hapa. Hata jina hukuniuliza."

"Hatuulizi majina, shangazi. Tunaandika namba." Aliyasema hayo akajisikia vibaya, akainama na kumgusa miguu kwa heshima. Akajitambulisha ni mtoto wa nani. Ganga hakulia wala hakushangaa sana, alisogeza tu mboga ili mgeni apate pa kukaa.

"Nimekuja kukushukuru," Rashmila alisema. "Mama kaniambia ulinibeba nikiwa mchanga."

"Nilikubeba lini? Mimi nililetwa hapa wewe hujazaliwa."

"Mama anasema..."

"Hera alikuja mwenyewe kuniona, tumbo liko hapa, wewe uko ndani. Akafungua blauzi akanionyesha doa begani. Nikamdunga kwa sindano ya kushonea, hata hakugeuka. Nikamgawia vidonge vyangu. Akawa anakuja kuchukua vingine, nyumbani anawaambia anakwenda hekaluni. Alipopona akakata mguu." Akaendelea kuchambua. "Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo."

Rashmila alilijua bega hilo. Begani kwa mama yake palikuwa na kovu la kuungua. Kila majira ya baridi alilipaka mafuta ya haradali, na kila mara aliambiwa ni jiko. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwamba ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Alirudi Bhaktapur siku hiyo hiyo.

"Ganga amezeeka, anachanganya mambo," mama alisema. "Huyo aliyekwenda kuchukua vidonge ni mke wa jirani, yule aliyekuwa akishinda jikoni kwetu."

"Na kovu lako?"

"Jiko."

"Jiko lilifikaje begani, mama?"

"Nilikuwa mfupi."

Rashmila alitaka kucheka, akashindwa. Kesho yake alimsimulia Kiran yote.

"Mbona rahisi, dada? Mchukue mama damu."

"Itaniambia nini? Kama alikaa na Ganga, itawaka. Kama aliugua akapona, huenda ikawaka. Kama ni huyo mke wa jirani aliyekuwa akishinda jikoni kwetu, itawaka pia."

"Kwa hiyo wote wanasema kweli."

"Au wote wananidanganya. Au mimi niliupata humu maabara, na nimewasumbua vikongwe wawili bure."

Aliiondoa damu yake katika utafiti. Kwenye ripoti aliandika kwamba mshiriki mmoja aliondolewa kwa kuwa uhusiano wake na ugonjwa haukujulikana. Sentensi hiyo ilimchukua mchana mzima. Na tangu hapo, kabla ya kumchoma mtu, humuuliza jina na kwao, ingawa fomu haina mahali pa kuyaandika.

Sikukuu ya Dashain ilipofika alimwambia mama yake kwamba mwaka huo atakwenda kupokea tika, baraka ya kwenye paji la uso, kwa shangazi, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki. Asubuhi ya safari Rashmila alifungua mlango akamkuta mama amesimama nje, amevaa sari nyeusi ya pindo jekundu, kapu mkononi.

Ganga alipomwona wifi yake alichovya kiganja kwenye mchele uliochanganywa na unga mwekundu, akaugandamiza kwenye paji la uso la Hera kwa kitako cha mkono, polepole, akaushikilia hapo hadi Hera akafumba macho.

"Umenenepa," Hera alisema alipoyafumbua.

"Na wewe umekonda. Huyu mtoto hakulishi?"

Wakaketi mkekani. Wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, kwa maneno ya kizamani ya mtaa wao ambayo Rashmila aliwahi kuyasikia kwa bibi yake tu. Ganga alisema kitu, Hera akampiga paja, wakacheka hadi wakakohoa. Kisha Hera akajifuta macho kwa pindo la sari, na Ganga akatazama pembeni. Rashmila alitega sikio. Alidhani amesikia neno hekalu. Au lilikuwa jina la mtu.

"Mnasema nini?" aliuliza.

"Ya zamani," mama yake alimjibu.

"Kula, mwanangu," Ganga alisema, akamsukumia sahani ya mchele uliopondwa, pamoja na nyama.

Rashmila alikula, akimtazama huyu, kisha yule, na hakuna aliyegeuka kumtazama.