Karanga za Bénie

Karanga zilikuwa kwenye kipande cha gazeti, juu ya meza ya mkuu wa shule, na hakuna aliyetaka kuzigusa. Germaine alizitambua. Alizikaanga mwenyewe, akazitia mfukoni mwa binti yake Bénie, kiziwi wa darasa la maternelle, yaani chekechea.

Mwalimu ndiye aliyemshauri ampe mtoto kitu cha kugawa, ili wenzake wamsogelee. Na kweli. Bénie alinyoosha kiganja, na Elie, mwenye miguu iliyopinda, akajikokota hadi alipokuwa. Tangu hapo walikaa pamoja, wakipanga vijiwe vya kijani sakafuni.

Kisha Elie akashikwa na homa. Mtaani kila mtu anajua kwamba uchawi watoto hupeana kwa chakula, hasa karanga. Germaine naye alilijua hilo tangu utotoni. Alilisahau, maskini, kwa furaha ya kusikia mwanawe ana rafiki.

“Elie alisema, ni Bénie njo alinipatia,” alisema Angèle, mama yake Elie, bila kumtazama.

Germaine alitaka kusema kwamba ni malaria tu, masika yamejaa mbu.

“Minye shisemi mutoto ni mulozi, Mama Bénie,” mkuu wa shule alisema taratibu. “Lakini bazazi ba batoto bengine beko naogopa. Asipatie tena muntu kintu. Kama anapatia, pasteur atamubeba ku délivrance.”

Shule ilikuwa ya pasteur huyo huyo, mchungaji wa kanisa la jirani. Nyuma ya kanisa kulikuwa na chumba cha délivrance, ambamo watoto waliombewa watolewe uchawi, bila chakula wala maji. Binti wa jirani aliingia humo kwa miguu yake na kurudishwa akiwa amebebwa. Germaine alitembea upesi njia nzima, mkono wa mwanawe ndani ya wake.

Nyumbani alimwekea Bénie karanga kiganjani. Mtoto akatabasamu, akamrudishia. Germaine akamchapa kiganja kwa mwiko, akamwekea nyingine. Bénie akadhani amekosa adabu, akampa kwa mikono miwili, kama mama alivyomfundisha kuwapa wakubwa. Germaine akachapa yote miwili. Alilia mwenyewe, lakini hakuacha, maana alimwogopa pasteur kuliko machozi ya mtoto. Aliendelea mpaka Bénie akafumba ngumi na kuificha mgongoni.

Dawa ya malaria ilimponya Elie. Siku aliyorudi darasani, Germaine alibaki nje akichungulia dirishani. Elie alijikokota sakafuni hadi kwa Bénie, akafungua kiganja mbele yake na kungoja.

Bénie alimtazama. Akaiingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Mkuu wa shule, aliyekuwa akipita, alisimama kidogo mlangoni.

“Sasa iko na adabu,” alimwambia mwalimu.

Elie alikuwa bado amenyoosha mkono. Huko nje, Germaine alimshukuru Mungu.