Fundi Njoo-Kesho

Fundi cherehani yule walimbatiza Njoo-Kesho, na jina lilimkaa barabara. Mkasi wake haukugusa kitambaa mpaka mwenye nguo asimame mlangoni akifoka. Hapo ndipo mikono ilipopata uhai, na kusema kweli, alichokishona kwa kufokewa hakikuwa na mfano. "Bila kelele sishoni," alijitetea. Haya bwana, kila mtu na dawa yake.

Balaa likaja binti yake alipochumbiwa. "Gauni langu atashona baba," akatangaza, "na sitamsumbua hata kidogo." Maskini, hakujua kwamba amemfunga baba wa watu mikono! Kitambaa cheupe kikakaa rafuni wiki nenda wiki rudi, huku fundi akishona hata mapazia ya watu waliojua kufoka.

Asubuhi, siku moja kabla ya harusi, mkewe aliingia kibandani mikono kiunoni.

"Baba bibi harusi, gauni liko wapi?"

"Nangoja mikono ichangamke."

"Nikufokee?"

"Hebu jaribu."

Mama wa watu akafoka mpaka jirani mshona viatu akachungulia. Wapi! Mkasi ulilala pale pale. Basi akavuta kigoda, akashusha sauti.

"Mume wangu, unadhani gauni lisipokwisha mtoto hataondoka?"

Fundi akaanza kutafuta sindano ambayo haikupotea. Hakuwahi kujiambia hivyo, lakini alipoambiwa lilimchoma.

"Nyumba itapwaya," akasema.

"Itapwaya, ndiyo. Na yeye ataondoka hata kwa gauni la kuazima, akiamini baba yake hakumjali."

Kumbe! Fundi akaruka kama aliyekalia pini. Kwa mara ya kwanza tangu amiliki cherehani, alikata kitambaa bila kungoja mtu wa kumgombeza, na jua halijazama gauni lilikuwa mwilini mwa binti, limemkaa utadhani amezaliwa nalo. Binti alijigeuza mbele ya kioo, machozi yakimlengalenga. Mara akaona pindo la mkono wa kushoto limeshikizwa kwa pini tu.

"Baba, hapa hujamaliza."

"Najua. Njoo kesho."

"Kesho si naolewa, baba!"

Fundi akainamia cherehani ili uso wake usionekane.

"Basi keshokutwa. Hata mwakani. Ila uje, mwanangu."